Mmarekani mwenye asili ya Ngara: sheria tatu za uraia katika barabara moja

Barabara kuu ya lami itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, kwenda mpaka wa Rusumo ina urefu wa kilomita 92. Hupita Nyakahura, huingia Wilaya ya Ngara, na ifikapo Nyakasanza hugawanyika. Tawi moja huendelea hadi daraja la Rusumo na nchi ya Rwanda. Jingine, lenye kilomita 59, huelekea Kabanga na Kobero, mpakani mwa Burundi. Dereva wa lori la mizigo aliyekunywa chai yake Nyakahura asubuhi anaweza, kabla jua halijazama, kuwa amekanyaga ardhi ya nchi yoyote kati ya hizo mbili. Katika mwendo huo wa saa chache anazipita sheria tatu za uraia, na sheria hizo hazifanani.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa kundi la watu ambalo halitajwi sana katika mijadala ya uraia wa pili: raia wa Marekani ambao asili yao ni ukanda huu. Inapozungumzwa habari ya Wamarekani wanaotafuta makazi au uraia nje ya nchi yao, mawazo ya wengi huenda Ureno, Italia au visiwa vya Karibi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wapo Wamarekani wanaozungumza Kirundi na Kiswahili nyumbani kwao, waliozaliwa au ambao wazazi wao walizaliwa katika kambi za wakimbizi za Ngara na Kigoma, na kwamba wapo wengine waliotoka katika vijiji vya Kagera kwenda masomoni au kazini na hatimaye wakala kiapo cha uraia huko walikokwenda. Watu hawa wakitaka kurudi hawatafuti jua wala unafuu wa kodi. Wanatafuta kaburi la bibi, shamba la migomba, au ndugu ambaye hawajamwona kwa miaka 15.

Kwa Mmarekani asiye na asili hapa, soko la uraia duniani limekuwa likibanwa. Saint Kitts na Nevis, iliyoanzisha utaratibu wa uraia kwa uwekezaji mwaka 1984, bado inautoa, na majirani zake kadhaa wa Karibi vilevile. Barani Ulaya, hata hivyo, milango imefungwa mmoja baada ya mwingine. Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba katika orodha ya njia za kupata kibali chake cha ukaazi kwa wawekezaji mwaka 2023. Hispania iliufuta utaratibu wake Aprili 2025, na mwezi huohuo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba mpango wa Malta wa kutoa uraia kwa malipo ulikuwa kinyume cha sheria za umoja huo. Italia nayo, ambayo kwa miaka mingi ilimkubali mjukuu wa kitukuu aliyeweza kuthibitisha nasaba, mwaka 2025 iliweka kikomo kwa wazazi na mababu wa karibu.

Afrika imekwenda upande mwingine. Ghana, ambayo tangu mwaka 2000 ina sheria inayompa mtu mwenye asili ya Afrika haki ya kuishi nchini humo, ilitoa uraia kwa watu 524, wengi wao Wamarekani Weusi, katika hafla moja iliyofanyika Accra Novemba 2024. Benin ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka huohuo. Mantiki ya nchi hizo mbili ni ya kihistoria: watu hao walichukuliwa kwa nguvu kutoka pwani ya Afrika Magharibi, na uraia ni namna ya kuwarudishia kilichopotea.

Tanzania haikuwahi kuifuata njia hiyo, ingawa haikuwa ngeni kwa Wamarekani Weusi. Katika miaka ya 1960 na 1970 walikuja walimu, mafundi na wanaharakati waliovutiwa na siasa za Mwalimu Julius Nyerere. Bob Moses, aliyejulikana kwa kuandikisha wapigakura Weusi huko Mississippi, alifundisha hisabati nchini tangu mwaka 1969 hadi 1976. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Black Panther huko Kansas City, aliingia mwaka 1972 na akaweka makazi ya kudumu karibu na Arusha. Walipokewa kwa ukarimu na walifanya kazi, lakini ukarimu huo haukugeuzwa kuwa sheria ya uraia. Mgeni alikaribishwa kuishi. Kuwa raia lilibaki kuwa jambo jingine.

Utengano huo wa kuishi na kuwa raia ndio msingi wa sheria ya Tanzania hadi leo. Mmarekani anayekuja kutembea hupewa viza ya kuingia mara nyingi kwa ada ya dola 100, na kila safari haizidi miezi mitatu. Akitaka kukaa, Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inamwekea vibali vya ukaazi vya madaraja matatu: daraja A kwa mwekezaji na anayejiajiri, daraja B kwa mwajiriwa, na daraja C kwa makundi mengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti, wamisionari na wastaafu. Zanzibar imeongeza njia yake: mgeni anayenunua nyumba katika mradi ulioidhinishwa na Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji, kwa thamani isiyopungua dola 100,000, hupata kibali cha ukaazi yeye na familia yake. Mara kwa mara matangazo ya madalali huyachanganya mambo haya na kumfanya mnunuzi aamini kwamba anapata uraia. Hapati. Vibali vyote hivyo ni vya muda, hufungamana na sababu iliyomleta mtu nchini, na sababu ikikoma kibali nacho hukoma.

Uraia wenyewe unaongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inayotambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Anayeomba tajnisi anapaswa awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Anapaswa kujua Kiswahili au Kiingereza, kuwa na tabia njema, kuonyesha kwamba amechangia au atachangia maendeleo ya Taifa, na kuwa na nia ya kuendelea kuishi nchini. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia anayo njia yake mahususi. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana, naye hulazimika kupita njia ya kawaida. Uamuzi ni wa waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani, ambaye sheria haimlazimishi kueleza sababu za kukubali au kukataa.

Safari ya ombi huanzia chini. Kabla faili halijafika makao makuu ya Uhamiaji, mwombaji hupitishwa katika ngazi za mahali anapoishi, kisha wilaya na mkoa. Katika maeneo ya mpakani hatua hii ya kwanza ndiyo nzito. Mtendaji wa kijiji na wazee wanajua nani alikuja mwaka gani, alipewa shamba na nani, na watoto wake walisoma shule ipi. Kumbukumbu hiyo haimo katika kompyuta yoyote. Mgeni mwenye fedha nyingi na barua nzuri za utambulisho anaweza kujikuta nyuma ya mama mjane ambaye kijiji kizima kinamfahamu kwa miaka 20.

Mwishoni mwa njia hiyo lipo sharti ambalo kwa Mmarekani ndilo gumu kuliko yote. Tanzania haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Anayepewa tajnisi lazima aukane uraia alionao, na kwa Mmarekani maana yake ni kwenda mbele ya ofisa wa ubalozi wake na kula kiapo ambacho, kwa kawaida, hakirudishwi nyuma. Sheria za Marekani hazimkatazi raia wake kuwa na uraia mwingine. Mgongano hapa hautokani na Washington. Unatokana na Dodoma, na umewekwa kwa makusudi.

Kusudi hilo haliwezi kueleweka bila kurejea historia ya Ngara yenyewe. Hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Wajerumani. Waingereza na Wabelgiji walipogawana makoloni hayo mwaka 1919, mstari walioukubali ulipita katikati ya watu wenye lugha na koo zinazoingiliana. Wilaya ya Ngara iliundwa na himaya mbili za kale, Bushubi na Bugufi, na Kihangaza kinachozungumzwa huko kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Lugha, jina la ukoo au sura ya mtu, kwa hiyo, haviwezi kuthibitisha uraia wa mtu yeyote katika ukanda huu.

Kisha wakaja wakimbizi. Wanyarwanda waliingia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1980 Serikali ilifungua njia ya uraia kwa takribani 36,000 miongoni mwao. Warundi waliingia kwa wingi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, pakageuka kwa miezi kadhaa kuwa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Misitu ilikatwa, visima vilikauka, na vijiji vya jirani vilivyokuwa na watu maelfu machache vikawa wenyeji wa mji wa ghafla. Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani Kagera aliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Kaya nyingi zilizokuwa zimeishi vijijini kwa miongo kadhaa, wengine wakiwa wameoa na kuolewa na raia, zilitambua kwa mara ya kwanza uzito wa karatasi ambazo hazikuwahi kuzitafuta.

Mtu aliyeyaona hayo haoni ajabu kwamba Taifa hili linasita kuruhusu uraia wa nchi mbili. Hofu iliyopo si juu ya profesa wa Boston anayetaka kustaafu Bukoba. Ni juu ya mpaka ambao mtu anaweza kuuvuka kwa miguu, na ardhi ya kijiji ambayo haiongezeki.

Hata hivyo, historia hiyohiyo ndiyo iliyozaa Wamarekani wanaozungumziwa hapa, na kisa chao kinastahili kuelezwa kwa utulivu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 hawakufuata njia moja. Waliofika moja kwa moja Tanzania walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakalipa kodi, wakajitegemea. Mwaka 2007 Serikali iliwapa nafasi ya kuchagua kati ya kurejea Burundi na kuomba uraia. Wengi mno walichagua kubaki, na kuanzia Oktoba 2014 watu wapatao 162,000 walianza kukabidhiwa vyeti vya tajnisi. Utoaji wa uraia kwa kundi kubwa kiasi hicho la wakimbizi kwa mara moja ulikuwa jambo adimu duniani.

Lakini wapo waliokimbia mauaji hayohayo ya 1972 kwa kupitia Rwanda au Kongo, au waliorejea kwao na kukimbia tena, na ambao walifika Tanzania katika miaka ya 1990. Hao hawakuwekwa katika makazi ya kilimo. Waliwekwa kambini: Lukole huko Ngara, na kambi za Kibondo na Kasulu. Hawakuhesabiwa katika mpango wa tajnisi. Marekani ilikubali kuwapokea, na tangu mwaka 2007 maelfu yao walisafirishwa na kutawanywa katika majimbo mbalimbali. Baada ya miaka mitano ya ukaazi wa kudumu waliruhusiwa kuomba uraia wa Marekani, na wengi waliupata. Ndugu wawili waliotoka kilima kimoja cha Burundi katika mwaka mmoja, kwa sababu tu ya njia waliyoikimbilia, leo mmoja anaweza kuwa Mtanzania huko Tabora na mwingine Mmarekani.

Huyu wa pili akitaka kurudi, sheria ya Tanzania inamwona kama Mmarekani mwingine yeyote. Kuzaliwa katika kambi ya Lukole na wazazi wakimbizi hakujamfanya kuwa Mtanzania, na hawezi kudai kwamba alikuwa raia kisha akaupoteza uraia huo. Anaingia kwa viza ya dola 100, anakaa miezi mitatu, na anaondoka.

Anayo, hata hivyo, njia ambayo Mtanzania wa zamani hana, nayo iko upande wa pili wa Kobero. Sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 inaruhusu uraia pacha. Aliye na asili ya Burundi anaweza kuwa na hati mbili za kusafiria bila kuvunja sheria ya nchi yoyote kati ya hizo mbili. Zipo kasoro: sheria hiyo humtambua mtoto hasa kwa uraia wa baba, na mtoto wa mama Mrundi aliyezaa na baba wa taifa jingine hupata mlango mwembamba zaidi. Kwa aliye na baba Mrundi na nyaraka za kuthibitisha hilo, lakini, matokeo yake yanashangaza. Akiwa na pasipoti ya Marekani pekee, yeye ni mgeni anayelipia viza mpakani Kabanga. Akiwa na ile ya Burundi, yeye ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 anaweza kuingia Tanzania bila ada ya viza na kupewa hadi miezi sita. Mtu ni yuleyule, kaunta ni ileile. Kinachobadilika ni kitabu anachokitoa mfukoni.

Rwanda imekwenda mbali zaidi. Katiba yake ya mwaka 2003, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, inaruhusu uraia pacha na kutamka kwamba watu wenye asili ya Rwanda pamoja na vizazi vyao wana haki ya kupata uraia wa nchi hiyo wanapouomba. Kwa taifa ambalo sehemu kubwa ya viongozi wake ilikulia uhamishoni, msimamo huo haukuhitaji mjadala mrefu. Uganda na Kenya nazo zimeruhusu uraia pacha, Kenya kwa Katiba yake ya 2010. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imebaki upande wa Tanzania: Katiba yake ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu aliyehamishiwa Marekani na kuwa raia huko, kwa hiyo, hana njia ya Kobero wala ya Rusumo.

Linabaki kundi la Watanzania wenyewe. Kijana wa Biharamulo aliyekwenda Marekani kwa masomo, akapata kazi, akaapa kuwa raia, alipoteza uraia wa Tanzania siku hiyohiyo kwa mujibu wa sheria, hata kama hakuna aliyemwandikia barua. Wengi hawakulielewa hilo mpaka walipotaka kuhuisha pasipoti au kugawana mirathi. Kilio chao kilifika katika Bunge Maalumu la Katiba, na Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilikuwa na kifungu cha kuwapa hadhi ya pekee bila kuruhusu uraia pacha. Katiba hiyo haikupigiwa kura, na suala likalala kwa miaka 10.

Mapema mwaka 2025, Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, yanayoanzisha Hadhi Maalum kwa wasio raia wenye asili ya Tanzania. Kwa ufupi, mwenye hadhi hiyo anaweza kuingia na kuishi nchini kwa wepesi zaidi kuliko mgeni wa kawaida, na anafunguliwa njia ya kumiliki ardhi kwa masharti yaliyowekwa. Hapigi kura wala hagombei uongozi. Ni suluhisho la kati na kati, na kwa nchi yenye historia iliyoelezwa hapo juu ni la busara: linamrudisha mtoto nyumbani bila kumkabidhi funguo za chumba cha baba.

Swali litakaloamua thamani yake katika maeneo kama Nyakahura ni ardhi ya kijiji. Marekebisho yaligusa Sheria ya Ardhi. Shamba la migomba na kahawa ambalo mzee ameliacha kijijini kwa kawaida haliko chini ya sheria hiyo. Liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na hakimiliki yake ya kimila hutolewa kwa raia. Aliyenunua kiwanja Dodoma au Kigamboni ananufaika na Hadhi Maalum waziwazi. Aliyeachiwa ekari nne na baba yake huko kijijini bado anahitaji ndugu aliye raia wa kulishika shamba hilo kwa jina lake, na wanaojua migogoro ya mabaraza ya ardhi ya kata wanajua jinsi mipango ya namna hiyo inavyomalizika baba wa kuwapatanisha anapofariki. Hapa patahitaji ufafanuzi wa mamlaka husika, na wenye kuupigania zaidi wasiwe waishio ughaibuni pekee. Halmashauri za vijiji zina sababu ya kutaka kujua mapema nani anahesabiwa kuwa mwenye haki.

Jambo jingine ni uthibitisho. Hadhi Maalum, kama uraia wa kurithi, huhitaji mtu aonyeshe kwamba mzazi au babu yake alikuwa Mtanzania. Mijini hilo si gumu sana. Vijijini mwa Ngara na Biharamulo, mtu aliyezaliwa mwaka 1950 huenda hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na jina lake limeandikwa kwa namna tatu tofauti katika kitabu cha ubatizo, kadi ya kliniki na cheti cha darasa la saba. Kwa kuwa majina ya ukoo hayatofautishi Mhangaza na Mrundi, karatasi hizo chache ndizo zitakazobeba uzito wote. Familia yenye ndugu walioko Marekani ingefanya vema kuzikusanya wakati wazee bado wapo wa kuhojiwa, kusajili vizazi vilivyochelewa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kuhakikisha kwamba majina yaliyomo katika Kitambulisho cha Taifa cha mzazi yanalingana na yaliyomo katika cheti cha mtoto. Uraia wa kurithi pia una kikomo chake: mtoto aliyezaliwa nje hurithi kwa mzazi aliye raia, lakini mzazi huyo naye akiwa ni raia wa kurithi aliyezaliwa nje, mnyororo hukatika.

Kwa watoto wenyewe, muda una mipaka. Mtoto aliyezaliwa Marekani na mzazi ambaye wakati huo alikuwa bado raia wa Tanzania anazo haki za nchi zote mbili hadi anapotimiza umri wa miaka 18, na hapo sheria inamtaka achague. Akiukana uraia wa Marekani na kula kiapo cha utii, anabaki Mtanzania. Asipofanya hivyo, uraia wa Tanzania humtoka, na kinachobaki kwake ni kuomba Hadhi Maalum kama mtu mwenye asili. Waliozaliwa mwaka 2008 wanafikia umri huo mwaka 2026. Wengi wao wako katika mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari huko waliko, na fomu wanazojaza kwa sasa ni za vyuo vikuu.